Tarehe Kumi Mwezi wa Saba

Shangazi yangu huuza mboga soko la Voi. Sukumawiki, kabeji, karoti, vyote vinateremka kutoka Wundanyi na Werugha, maana huku chini kwetu mvua ni ya kubahatisha na ardhi ni vumbi jekundu. Jumapili ya tarehe 18 Desemba 2022, siku ya kugawana pesa za chama, aliitwa mbele ya akina mama wenzake akasomewa kwamba mkopo wake aliulipa akiwa amechelewa wiki kumi. Faini ni shilingi 200 kwa kila wiki. Kwa hivyo elfu mbili, zikatwe kwenye mgao wake. Karatasi iliyosomwa ilikuwa safi, imepigwa chapa, na mstari wa mwisho ulisema: rejesho la mwisho, 7 Oktoba 2022.

Shangazi hakupiga kelele. Alifungua mkoba, akatoa daftari dogo la mraba lenye mafuta ya taa kwenye jalada, akasoma polepole: Jumapili, tarehe kumi, mwezi wa saba. Halafu akaniangalia mimi, kwa sababu karatasi ile ilitoka kwenye programu, na programu niliiandika mimi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo tarehe saba mwezi wa kumi ilikuwa Ijumaa. Ijumaa mimi niko Wundanyi tangu alfajiri. Nililipa saa ngapi, na nililipa nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye yule kijana wa mtaani anayejulikana kwamba "alisoma kompyuta". Watu hawaongezi kwamba niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma kuonekana, na kwamba siku hizi naishi kwa kuandika makala za watu wengine kwa malipo ya kila neno. Chama kiliponiomba kitu cha kuhesabu mikopo na faini, nilifurahi kupita kiasi. Niliiandika usiku tatu. Mweka hazina alinitumia tarehe zote kwa simu, alivyozinakili kwenye leja, kwa tarakimu: 10/07/2022, 17/07/2022, na kadhalika. Mimi nikazimwaga ndani.

Usiku ule baada ya mkutano nilikaa kuitafuta 7 Oktoba imetoka wapi, nikaipata chini ya dakika kumi. Kilichonichukua wiki mbili zilizofuata ni swali la pili: kwa nini mashine iliyoko Voi, mikononi mwa Mtaita, ikihesabu pesa za Kenya, iamini kwamba mwezi unatangulia siku? Insha hii imetokana na wiki hizo mbili.

Tuanze na kosa lenyewe. Niliandika kwa JavaScript, lugha ambayo karibu kila tovuti duniani inaitumia. Ukiipa maandishi 10/07/2022 uiambie hii ni tarehe, haikuulizi uko wapi. Inachukua namba ya kwanza kuwa mwezi, ya pili kuwa siku. Tarehe kumi mwezi wa saba inakuwa tarehe saba mwezi wa kumi. Ukiipa 17/07/2022 inakwama, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na saba, inakwambia tarehe ni batili. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilipoona zile batili zikitokea nilijua kuna mgeuko, lakini ilikuwa saa nane za usiku na stima ilikuwa imeshapotea mara mbili. Nikaweka kiraka: kama tarehe imekataa, igeuze namba mbili za mwanzo ujaribu tena. Zote zikakubali. Nikalala.

Yaani niliziponya zile zilizolia, nikaziacha zile zilizonyamaza. Halafu juu yake nikaweka urembo: nilitaka karatasi itoke kwa Kiswahili, nikaiambia mashine itumie mpangilio wa Kiswahili cha Kenya, nayo ikatii vizuri sana. "7 Oktoba 2022." Siku, mwezi kwa maneno, mwaka. Kiswahili sanifu kabisa, na uongo mtupu.

Sasa, JavaScript ilitoka wapi na tabia hii? Ilitengenezwa mwaka 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, California, na toleo la kwanza alilikamilisha kwa siku kumi. Sehemu ya tarehe hakuibuni. Ilichukuliwa karibu ilivyo kutoka Java, lugha nyingine ya wakati huohuo. Ndiyo maana hadi leo, katika JavaScript, Januari ni mwezi wa sifuri na Desemba ni mwezi wa kumi na moja. Jaribu kumweleza hilo mtu aliyekua akisema "mwezi wa kwanza". Kiswahili chetu hakina hata jina Januari mdomoni. Jina hilo ni la barua na la redio. Sokoni ni mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hakuna mtu amewahi kuzaliwa mwezi wa sifuri.

Na Wamarekani huandika mwezi kwanza kwa sababu ndivyo wanavyosema: Julai nne, Septemba kumi na moja. Hati yao ya uhuru imeandikwa hivyo juu kabisa, mwezi, siku, mwaka 1776. Wakati ule Waingereza nao waliandika hivyo mara nyingi. Baadaye wao ndio waliozoea kutanguliza siku, na Wamarekani wakabaki na mtindo wa zamani. Nilikuwa nimekua nikidhani Mmarekani ndiye aliyepinda mambo. Kumbe yeye hakusogea.

Kwetu sisi siku inatangulia, na watu husema ni urithi wa mkoloni. Ni nusu ya ukweli. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ilifika Voi 1898, nayo ilikuja na ratiba, stakabadhi na leja za Kiingereza ambamo siku iliandikwa mbele. Lakini kabla ya reli, mtu wa pwani aliyeandika barua kwa herufi za Kiarabu naye alianza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Neno lenyewe, tarehe, ni la Kiarabu. Na ukimuuliza mtu Voi leo, aliyesoma na asiyesoma, atakwambia "tarehe kumi mwezi wa saba", namba ya siku mbele. Karani wa reli alikuta mdomo umeshapanga hivyo.

Nilipotaka mfano wa kumweleza mweka hazina, sikulazimika kwenda mbali. Kilomita kama hamsini kutoka hapa, kwenye daraja la Tsavo, mwaka huohuo wa 1898, simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli miezi kadhaa mpaka kazi ikasimama. Kila mtoto wa Voi anaijua hadithi hii kabla ya kujua kusoma. Mhandisi John Henry Patterson alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba. Ziandike kwa tarakimu kama tunavyoandika sisi: 9/12/1898 na 29/12/1898. Sasa wape mashine yangu. Simba wa kwanza anakufa tarehe 12 Septemba, miezi mitatu kabla ya siku yake, na mashine haioni tatizo lolote. Simba wa pili mashine inamkataa, hakuna mwezi wa ishirini na tisa. Kiraka changu kinamgeuza, naye anakufa siku yake hasa. Matokeo ni kwamba kati ya simba wa kwanza na wa pili zinapita siku 108 badala ya ishirini. Mtu akiandika historia ya Tsavo kwa programu yangu atasema Wahindi wale waliishi zaidi ya miezi mitatu na simba mmoja tu.

Simba wenyewe, kwa taarifa yako, wako Chicago. Patterson aliiuzia makumbusho ya Field ngozi zao miaka ya 1920, nao wamesimama huko ndani ya kioo, mahali ambapo 12/9/1898 ndiyo tarehe sahihi ya kifo cha yule wa kwanza. Simba yuleyule, siku ileile, namba zilezile zimepindana. Hakuna aliyekosea ila yule atakayesafirisha namba bila kusema zimetoka wapi.

Barabara ya Taveta ina somo la upande wa pili. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walivuka mpaka wakaikamata Taveta mwezi wa Agosti, na Waingereza wakajenga reli ya haraka kutoka Voi kupitia Maktau kwenda kuwatoa. Tarehe 12 Februari 1916 waliushambulia mlima wa Salaita, kamlima tu, wakarudishwa vibaya, wengi wao askari wa Afrika Kusini waliokuwa wamewasili karibuni. Kuna makaburi ya vita hivyo Voi, Maktau na Taveta. Ukisimama mbele ya mawe yale meupe utaona mwezi umeandikwa kwa neno zima, Februari, Machi. Waliochonga hawakutumia namba mbili zinazoweza kubadilishana. Sijui kama walifikiria habari ya Wamarekani, pengine walitaka heshima tu, lakini jiwe lile halina utata na programu yangu ilikuwa nao.

(Kama una shamba, hati, au cheti chochote cha kuandika leo, andika mwezi kwa neno. Ushauri wa bure.)

Sasa nirudi kwa Shangazi, maana yeye alikuwa amenipa ufunguo mkutanoni na mimi kwa aibu sikuusikia. Hakusema "tarehe hiyo si yangu". Alisema tarehe hiyo ni Ijumaa. Chama hukutana Jumapili, baada ya kanisa, na pesa haipokelewi siku nyingine; ndiyo kanuni ya kwanza kwenye katiba yao ya kurasa nne. Basi tarehe yoyote iliyomo ndani ya programu ambayo si Jumapili ni tarehe iliyogeuzwa. Nikazipitia zote. Mwaka 2022 ulikuwa na Jumapili 52. Kati ya hizo, 32 zilikuwa na siku inayozidi 12, kwa hivyo kiraka changu kiliziokoa. Zilizobaki, 20, zote ziligeuzwa, na hakuna hata moja ambayo baada ya kugeuzwa iliangukia Jumapili tena. Ijumaa, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Zilikuwa zimejianika pale mwaka mzima.

Jina la siku ndilo lililofanya kazi ambayo namba zilishindwa, na hapo nikaanza kuyatazama majina ya siku kwa jicho jingine. Yanatoka wapi ndani ya kompyuta? Nani aliiambia simu yangu kwamba Sunday ni Jumapili?

Kuna ghala. Linaitwa CLDR, linatunzwa chini ya Unicode, shirika lilelile linalosimamia herufi za kompyuta. Humo, kwa kila lugha na kila nchi, yameandikwa majina ya miezi, majina ya siku, mpangilio wa tarehe ndefu na fupi, wiki inaanza lini, pesa inaandikwaje. Simu za Android, kompyuta za Apple, Java na nyingine nyingi huchota humo. Kwa Kiswahili utakuta siku, mwezi, mwaka, na saa sita za usiku, na alfajiri. Utakuta pia mambo ya ajabu kidogo: Kenya imeandikwa kuwa wiki yake inaanza Jumapili, ilhali Tanzania, ambayo haikutajwa pekee, inafuata kanuni ya dunia nzima na kuanza Jumatatu. Vuka mpaka wa Taveta uingie Holili, lugha ni ileile, kalenda kwenye simu inasogea safu moja.

Na majina yenyewe yanazikataa kalenda zote mbili. Jumamosi maana yake ni siku ya kwanza, ya kwanza baada ya Ijumaa, na Jumapili ni ya pili. Wiki ya Kiswahili inahesabiwa kutoka msikitini. Jumatano ni ya tano. Halafu inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa sababu Mwarabu anaanza kuhesabu Jumapili. Tano mbili zimefuatana na hakuna mtu anayeshtuka. Kwa miezi ya Kiislamu Waswahili walifanya vilevile: waliacha mwezi wa kwanza wa Waarabu, wakaanza kuhesabu baada ya mfungo wa Ramadhani, mfunguo mosi, mfunguo pili, hadi mfunguo tisa. Kwa hivyo nikisikia mtu akilalamika kwamba Eich alianzisha miezi kwenye sifuri, namwambia kila mtu duniani amechagua mahali pa kuanzia.

Katika ghala lile, nikishuka chini kwenye herufi D, nilikuta kitu ambacho sikukitegemea. Faili ya herufi tatu: dav. Dawida. Kitaita.

Nilikaa kimya kama mtu aliyekuta picha ya babu yake kwenye ukuta wa ofisi asiyoijua. Kitaita changu ni kibovu. Nilikulia mjini, nyumbani tukisema Kiswahili, na Kidawida kilikuwa lugha ya wakubwa wakitaka tusielewe. Lakini hii nilielewa. Jumapili: Ituku ja jumwa. Jumatatu: Kuramuka jimweri. Jumanne: Kuramuka kawi. Kadadu, kana, mpaka Ijumaa, Kuramuka kasanu. Na Jumamosi: Kifula nguwo. Hata usipojua neno moja la Kitaita, nguo umezisikia humo.

Hebu hesabu pamoja nami. Wiki hii inaanza kuhesabiwa Jumatatu. Jimweri ni moja, kawi ni mbili, kasanu ni tano. Kwa hivyo mtu anayejua lugha zote hizi, na Voi wapo tele, ana siku tatu mfululizo na kila moja ni ya tano kwa njia yake: Jumatano kwa Kiswahili, Alhamisi kwa Kiarabu, Kuramuka kasanu kwa Kitaita. Katikati ya wiki ya Shangazi kuna msikiti, kuna Uarabuni na kuna mlima, na yeye hajawahi kukosa siku ya kwenda Wundanyi.

Nina dhana yangu kuhusu wiki hiyo ya Kitaita, ichukue kama dhana. Wamisionari wa CMS walifika Sagalla, mlima unaoiangalia Voi, mwaka 1883, miaka kumi na tano kabla ya reli. Wiki yenye siku moja ya kupumzika, siku tano zenye namba na neno ambalo sikio langu la Kiswahili linalisikia kama kuamka, kisha siku moja ya kufua, naiona kama wiki ya kanisa: nguo zifuliwe Jumamosi zivaliwe kesho yake. Wazee watanisahihisha.

Nilizijaribu tarehe zetu kwa lugha ile. Simba wa kwanza wa Tsavo aliuawa Kuramuka kasanu, maana 9 Desemba 1898 ilikuwa Ijumaa. Salaita ilishambuliwa Kifula nguwo. Hilo la pili lilinikaa moyoni kuliko nilivyotaka. Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1916, siku ya kufua, na mizinga inasikika upande wa Taveta.

Faili yenyewe ina dalili za kuachwa. Alama za kabla na baada ya adhuhuri zimeandikwa "Luma lwa K" na "luma lwa p", moja ikianza kwa herufi kubwa na nyingine ndogo, na za mwisho zimepishana vilevile, kana kwamba aliyeziandika aliitwa chai akarudi akasahau. Kisagalla sikukiona, wala Kitaveta. Lakini aliyeketi akaandika miezi kumi na miwili ya Kidawida ndani ya ghala la dunia, ambalo simu ya Tokyo inaweza kulisoma, alifanya kazi kubwa kuliko shahada niliyoiacha.

Saa ni habari nyingine na sitaimaliza hapa. Niseme tu kwamba faili ya Kiswahili inajua kusema "asubuhi" lakini saa yenyewe inabaki ya Kizungu: saa moja ya Shangazi ni saba kwenye simu yake, na hakuna kitufe cha kurudisha masaa sita. Wala mashine haijui kwamba kwa Mswahili wa zamani siku inaanza jua likizama, na kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kama chama kingekuwa kinapokea pesa usiku, ningekuwa taabani.

Lakini majira ya saa yaligusa kazi yangu kwa sehemu moja. Nilipotafuta dawa, kila mtu mtandaoni alinielekeza kwenye ISO 8601, kanuni ya kimataifa iliyotolewa kwanza 1988: mwaka, mwezi, siku, kutoka kikubwa kwenda kidogo. 2022-07-10. Haifanani na ya Mmarekani wala yetu, kwa hivyo hakuna anayeweza kuisoma kwa mazoea yake akakosea. Nzuri sana. Isipokuwa ukiipa JavaScript tarehe hiyo peke yake inaihesabu kuwa saa sita za usiku za Greenwich. Kwetu hiyo ni saa tisa za usiku, bado tarehe kumi, salama. Ukiifungua kwenye kompyuta iliyoko New York, huko bado ni jioni ya tarehe tisa. Tumeokoka kwa sababu jua linatufikia mapema, si kwa akili.

Na hayo masaa matatu yetu yana historia yake. Kompyuta nyingi huyasoma kwenye orodha moja ya majira ya dunia, ambamo Kenya inaitwa Africa/Nairobi, na Dar es Salaam imefungwa kwenye jina hilohilo. Orodha inasema mpaka 1908 saa ilikuwa mbele ya Greenwich kwa masaa mawili, dakika 27 na sekunde 16, ikafanywa mbili na nusu, ikafika tatu mwaka 1928, ikarudi mbili na nusu 1930, ikawa mbili na dakika 45 mwaka 1937, na tatu kamili kuanzia Agosti 1942. Matoleo ya zamani ya orodha yaliiweka ile ya dakika 45 mpaka 1960. Mtu aliketi na nyaraka akasahihisha. Sekunde zile 16 ni za jua la Nairobi. Ukiiuliza mashine simba wa Tsavo aliuawa saa ngapi mwaka 1898, itakupa majira ya Nairobi, mji ambao reli iliufikia 1899. Jua la Voi liko mbele ya lile kwa kama dakika saba. Hazina faida kwa chama, lakini nimezipenda.

Basi nikarekebisha. Nikafuta kiraka. Nikaandika kwamba namba ya kwanza ni siku, basi, mashine isikisie. Nikaweka mlinzi mlangoni: tarehe yoyote isiyo Jumapili irudishwe kwa mweka hazina na swali. Halafu nikaendesha hesabu ya mwaka mzima upya, nikijua kitakachotokea, maana kosa la aina hii haliumizi upande mmoja.

Faini ya Shangazi ilifutika. Mkopo wa tarehe 30 Januari wa miezi sita, ameulipa siku ishirini kabla ya muda. Lakini palikuwa na jirani yetu mmoja, mama ninayemheshimu, ambaye Desemba alipigiwa makofi kwa kulipa mapema. Alikopa tarehe 6 Machi, programu ikaandika 3 Juni. Alimaliza kulipa tarehe 4 Desemba, programu ikaandika 12 Aprili. Kwa karatasi yangu, mama huyu alilipa mkopo karibu miezi miwili kabla ya kuuchukua, na kati ya watu wazima kumi na tisa waliokuwa pale, mimi nikiwemo, hakuna aliyeuliza inawezekanaje. Kwa hesabu ya kweli alichelewa. Wiki kumi na tatu. Shilingi 2,600, na mgao wake alikuwa ameshautumia kwa sare za shule.

Nilifikiria kunyamaza. Niseme ukweli, nilifikiria siku mbili nzima. Ningeweza kusahihisha ya Shangazi peke yake, watu wangesema mtoto amemtetea shangazi yake, yakaisha. Nikamwendea yule mama kwanza, nyumbani, kabla ya mkutano, nikamwonyesha leja na karatasi kando kwa kando. Alisoma, akasema, "Kwa hivyo wewe ndiye ulinipa makofi, na wewe ndiye unayaondoa." Nikamwambia ndiyo, mama. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Sikujua kama ilikuwa ni msamaha au ni adabu tu. Mkutanoni walimpa miezi minne ya kulipa, na mimi nikajitolea shilingi elfu moja kutoka malipo ya makala zangu, ambazo hakuzikataa.

Jumapili hiyohiyo Shangazi alirudishiwa elfu mbili zake. Nilikuwa nimemwandalia karatasi mpya ya peke yake, na kwa kiburi kidogo nilikuwa nimeiambia mashine itumie dav. Ilitoka hivi: Ituku ja jumwa, 10 Mori ghwa mfungade 2022. Akaishika mbali na macho kama anavyoshika risiti zote, akaisoma kwa sauti, mara ya pili akaisoma kwa lafudhi yake ya Werugha, wanawake wawili waliokuwa karibu wakacheka.

"Nani alikuandikia hii?"

"Kompyuta, Shangazi."

"Haya," akasema, akaikunja mara nne akaiingiza ndani ya daftari lake, akaanza kuhesabu noti.